Seremala wa Billund aliyeunguliwa mara mbili na kuacha tofali lisilohitaji saruji

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wahenga. Ni wachache walioishi methali hii kama seremala Ole Kirk Christiansen wa kijiji cha Billund, katika rasi ya Jutland nchini Denmark. Moto ulimteketezea karakana mara mbili, mdororo wa uchumi ukamwondolea wateja, na kifo kikamnyang'anya mke akiwa na watoto wanne wa kulea. Kila mara alianza tena na kile kidogo kilichobaki.

Jina lake halitajwi sana huku kwetu, lakini kazi ya mikono yake imefika hadi Kisugu. Ni vile vitofali vidogo vya plastiki vyenye vinundu juu, ambavyo hubanana kimoja juu ya kingine bila gundi, bila msumari na bila saruji. Dunia inavijua kwa jina la LEGO. Hapa Kampala huletwa na waliorudi kutoka ng'ambo, au huja ndani ya marobota ya mitumba, vimechanganyika na midoli mingine iliyokwisha kutumika.

Wengi wetu tunadhani ni vitu vya watoto. La hasha. Ulaya, Marekani na Asia wapo watu wazima, wenye kazi na familia, ambao huvikusanya, huvipanga kwa rangi na ukubwa, na hujengea majumba, meli na miji mizima. Kampuni yenyewe ilianza mwaka 2020 kuandika kwenye baadhi ya maboksi yake kwamba yamekusudiwa wenye umri wa miaka 18 na kuendelea.

Mtu mzima anayeonekana na vitofali hivyo mezani huulizwa swali moja na majirani: hana kazi ya kufanya? Jibu, ndugu msomaji, limo katika maisha ya seremala huyu.

Alikwenda ugenini, akarudi

Ole Kirk alizaliwa tarehe 7 Aprili 1891 huko Blåhøj, katikati ya Jutland. Wakati ule eneo hilo lilikuwa la mchanga na vichaka, na wakulima wake walikuwa maskini. Familia yao ilikuwa na watoto wengi na mali kidogo. Alipofika umri wa miaka 14 alianza kujifunza useremala kwa kaka yake mkubwa, Kristian.

Alipohitimu ufundi, alifanya kile ambacho vijana wengi wa huku kwetu wamekifanya. Alifunga mzigo akaenda kutafuta kazi nje ya nchi, kwanza Ujerumani, kisha Norway. Huko Norway alikutana na Kirstine Sørensen, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wake.

Mwaka 1916 alirudi nyumbani. Kwa akiba aliyoichuma ugenini alinunua karakana ya useremala iliyokuwa ikiuzwa Billund. Kilikuwa kijiji kidogo chenye nyumba chache. Hakuwa mwenyeji wa kijiji hicho, na ilimbidi ajenge jina lake mlango kwa mlango na dirisha kwa dirisha. Majira ya joto alijenga nyumba na majengo ya mashambani. Majira ya baridi, ujenzi uliposimama, alitengeneza samani.

Waliorudi wanalifahamu jambo hili. Mtu anarudi na fedha kidogo na ufundi mwingi, lakini watu wa nyumbani hawajui ufundi huo, na fedha inakwisha kabla jina halijajulikana. Ole Kirk alivumilia. Miaka minane baada ya kurudi alikuwa na wateja, mafundi wa kumsaidia, na wana watatu.

Moto wa kwanza

Mwaka 1924 wana wake wawili wadogo, Karl Georg na Godtfred, waliingia karakana wakiwa peke yao wakawasha moto. Karakana ya seremala imejaa maranda, na maranda hayasubiri. Moto uliteketeza karakana pamoja na nyumba ya familia.

Baba mwingine angejenga kibanda cha kujisitiri kwanza. Ole Kirk alimwita msanifu akachora jengo kubwa kuliko lile lililoungua, lenye makazi na karakana. Jengo hilo linajulikana mpaka leo kwa sanamu za simba mbele ya mlango wake, na bado limesimama Billund. Huyo mtoto Godtfred, aliyekuwa miongoni mwa waliowasha moto, tutakutana naye tena mbele katika habari hii.

Seremala aanza kuchonga midoli

Mwaka 1929 soko la hisa la New York lilianguka, na baada ya muda mfupi mdororo ulifika mashambani mwa Denmark. Bei ya mazao ilishuka. Mkulima asiyeuza hajengi, na asiyejenga hamwiti seremala. Ole Kirk alilazimika kuwaachisha kazi mafundi wake.

Mwaka 1932 ulikuwa mgumu kuliko yote. Kirstine alifariki dunia, akamwachia wana wanne, mkubwa akiwa na umri wa miaka 15 na mdogo akiwa na miaka sita. Karakana ilikuwa na mbao na vifaa, lakini haikuwa na kazi.

Kwa kuwa vitu vikubwa havikuwa na mnunuzi, alianza kutengeneza vidogo kwa kutumia vipande vya mbao alivyokuwa navyo. Alitengeneza ngazi ndogo za nyumbani, meza za kupigia pasi, na pamoja navyo magari, wanyama na midoli mingine ya mbao. Ndugu zake, ambao walimdhamini apate mkopo, hawakuelewa kwa nini mtu mzima mwenye ufundi kama wake ajishughulishe na vitu vya kuchezea. Swali lile wanaloulizwa wakusanyaji wa leo, yeye aliulizwa kwanza.

Biashara haikuwa rahisi. Mara nyingine alipakia midoli garini akazunguka kuwauzia wenye maduka, na palipokosekana fedha alipokea bidhaa kama malipo. Wafanyabiashara wa Busia na Mpondwe, ambao wameona mzigo ukibadilishwa kwa mzigo, hawatamshangaa.

Katika miaka hiyo ilizuka homa ya yoyo, yaani kile kigurudumu cha kamba kinachopanda na kushuka mkononi. Ole Kirk alitengeneza yoyo kwa wingi. Homa ile ilipopoa ghafla alibaki na shehena asiyoweza kuiuza. Hakuitupa. Alizikata yoyo hizo katikati, na kila nusu ikawa gurudumu la gari la kuchezea.

Mwaka 1934 alitaka jina la biashara. Aliwashindanisha wafanyakazi wake wachache, zawadi ikiwa chupa ya divai aliyoitengeneza nyumbani, na mwishowe jina lililoshinda likawa lake mwenyewe. Alichukua maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya kucheza vizuri, akayafupisha kuwa LEGO. Mwaka huohuo alioa tena, akamwoa Sofie Jørgensen, na baadaye wakapata binti.

Rangi ya tatu

Kipo kisa kimoja ambacho husimuliwa kila anapotajwa mtu huyu. Godtfred, akiwa kijana anayemsaidia baba yake, alirudi nyumbani siku moja akiwa na furaha. Alikuwa amepeleka maboksi ya bata wa mbao kwenye kituo cha reli ili yasafirishwe, na alimweleza baba yake kwamba ameokoa fedha. Bata wale walizoea kupakwa vanishi mara tatu, lakini safari hii yeye alikuwa amewapaka mara mbili tu.

Baba hakufurahi. Alimwamuru arudi kituoni, ayachukue maboksi yote, awapake bata wale vanishi ya tatu, kisha ayafunge upya na kuyarudisha. Na kazi hiyo aifanye peke yake, hata kama ingemchukua usiku kucha.

Mnunuzi asingeiona tofauti siku ile dukani. Angeiona baada ya mwaka, wakati rangi inapobanduka mikononi mwa mtoto. Ole Kirk alikuwa akimuuzia mtu wa mwaka unaofuata. Godtfred mwenyewe alikuja kukisimulia kisa hicho akiwa mkuu wa kampuni, na alichonga ubaoni kanuni ya baba yake kwamba hata kilicho bora kabisa hakijapita kiasi. Ubao huo alitundika karakana.

Moto wa pili, na mashine ya plastiki

Tarehe 9 Aprili 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Denmark, na uvamizi huo ulidumu hadi Mei 1945. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1942, kiwanda cha Billund kiliungua. Safari hii ilipotea hata michoro na mifano ya midoli iliyokusanywa kwa miaka kumi.

Inasemekana kwamba Ole Kirk alifikiria kuacha kabisa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi. Hata hivyo alikuwa na wafanyakazi wapatao 40 waliotegemea kazi ile, na wana waliokwisha kuijua. Alijenga tena, na jengo jipya lilipangwa tangu mwanzo kama kiwanda cha kutengenezea midoli kwa wingi.

Vita vilipokwisha, mwaka 1946, alifanya jambo lililowashtua watu wake. Alinunua mashine ya kuyeyusha plastiki na kuisukuma ndani ya kalibu. Bei yake ilikuwa krone 30,000, fedha nyingi mno kwa kiwanda cha kijijini. Wanawe walikuwa na shaka, kwani wao walikuwa watu wa mbao, na plastiki wakati ule ilionekana kitu cha ovyo.

Hapa inabidi tuseme ukweli wote, kwa sababu wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa biashara. Tofali la plastiki la kubanana halikubuniwa na Ole Kirk. Lilibuniwa na Mwingereza Hilary Fisher Page, mwenye kampuni ya Kiddicraft, ambaye alikuwa na hataza zake Uingereza. Pamoja na habari za mashine, Ole Kirk na Godtfred walipata sampuli za vitofali vya Page. Walibadilisha vipimo kidogo, wakanyoosha kingo, na mwaka 1949 wakaanza kuuza vya kwao nchini Denmark.

Page alifariki mwaka 1957. Kampuni ya LEGO ilikuja kununua haki zilizobaki za vitofali vya Kiddicraft mwaka 1981, na leo haifichi kwamba wazo lilianzia kwake. Anayewaambia watoto habari za Billund bila kumtaja Page hajamaliza kusimulia.

Ikiwa wazo lilikuwa la mwingine, basi seremala huyu alileta nini? Alileta ile rangi ya tatu. Vitofali vya mwanzo vilikuwa vibaya kwa kweli. Vilikuwa tupu chini, na mnara ukifika urefu fulani uliachia na kuporomoka. Wenye maduka waliagiza vichache, na wengine wakavirudisha. Mwenye haraka angeviuza kwa bei ya chini akaendelea na jambo jingine. Wao waliendelea kuvirekebisha kwa miaka tisa.

Mirija mitatu iliyobadilisha kila kitu

Mwaka 1954 Godtfred alikuwa safarini kwenda Uingereza kwa meli. Alizungumza na mnunuzi wa midoli wa duka kubwa la Copenhagen, ambaye alilalamika kwamba biashara ya midoli haina mfumo. Kila mdoli ulisimama peke yake, na mtoto akiuchoka ndio mwisho wake. Godtfred alirudi na wazo hilo kichwani. Alipitia bidhaa zote za kiwanda, zaidi ya 200, akatafuta moja inayoweza kukua. Akakuta ni tofali.

Mwaka 1955 walitoa mfumo kamili, ambamo boksi jipya liliweza kuungana na boksi la zamani. Lililobaki lilikuwa kulifanya tofali lishike. Ufumbuzi ulikuwa mirija mitatu ndani ya tofali la vinundu vinane. Kinundu cha tofali la chini kinabanwa kati ya ukuta na mrija wa tofali la juu, nacho hakitoki mpaka kivutwe. Maombi ya hataza yaliwasilishwa Copenhagen tarehe 28 Januari 1958.

Ole Kirk alifariki dunia tarehe 11 Machi 1958, majuma sita baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 66. Hakukiona kiwanda kikivuka mabara, wala hakuona mtu mzima hata mmoja akikesha mezani kwa ajili ya kitofali chake.

Mwaka 1960 moto uliwaka tena, ukateketeza ghala la midoli ya mbao. Godtfred aliamua kuachana na mbao moja kwa moja, na ndugu zake Karl Georg na Gerhardt wakajitoa katika kampuni. Ndipo kampuni ikabaki na tofali. Mwaka 1964 kijiji kile kilipata kiwanja cha ndege kilichoanza kama kiwanja cha kampuni, na mwaka 1968 bustani ya Legoland ikafunguliwa. Godtfred alifariki mwaka 1995.

Watu wazima mezani

Mtu mzima wa kwanza kutaka vitofali kwa shughuli zake mwenyewe alikuwa Godtfred. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akipanga nyumba yake mpya, akataka kuijenga kwanza kwa mfano. Akakuta vipimo vya kitofali cha kawaida haviendani na vya wasanifu majengo. Basi akaagiza vitofali vya aina nyingine vyenye umbo la mchemraba, na mwaka 1963 ikaanzishwa kampuni ya Modulex kwa ajili ya wasanifu na wapangaji wa viwanda.

Leo mambo yamekwenda mbali. Mwaka 2004 wakili mmoja wa New York, Nathan Sawaya, aliacha uwakili akawa mchongaji wa sanamu za vitofali, nazo zimezunguka dunia katika maonyesho. Mwaka 2009 mtangazaji James May na wasaidizi wake walijenga huko Surrey, Uingereza, nyumba ya ghorofa ya kuingia mtu kwa vitofali vipatavyo milioni 3.3. Ilibomolewa mwaka huohuo.

Kwetu sisi Waafrika, wa kutazamwa zaidi ni Ekow Nimako wa Kanada, mwenye asili ya Ghana. Yeye hutumia vitofali vyeusi. Kuanzia mwaka 2019 kazi zake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Aga Khan mjini Toronto. Mojawapo ilikuwa mji wa Kumbi Saleh, makao ya dola ya kale ya Ghana, ukiwa umejengwa kama utakavyokuwa baada ya miaka elfu moja. Anayedhani vitofali ni mchezo wa Wazungu na atazame kazi ile.

Kwa wanaofikiria faida, watafiti wa Urusi walichunguza bei za seti zaidi ya 2,000 zilizotoka kati ya mwaka 1987 na 2015. Waligundua kwamba seti zilizofungwa, ambazo haziuzwi tena madukani, zilipanda thamani kwa wastani wa angalau asilimia 11 kwa mwaka. Lakini wastani si ahadi, kwani ziko seti zilizopoteza nusu ya thamani yake. Aidha, boksi likifunguliwa faida hiyo hushuka, na boksi lisilofunguliwa halimjengei mtu kitu.

Mimi ni mwalimu, na herufi zangu za kwanza nilizisoma ugenini nchini Kenya. Vitofali vyangu ni vya kuokoteza. Vingine vimetoka sokoni Owino kwa kupimiwa mkononi, vingine nimepewa na wazazi ambao watoto wao wamekua. Huvitia katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, huvikausha kivulini, kisha huvitenga kwenye makopo kwa ukubwa kabla ya kuvitenga kwa rangi. Wakusanyaji wazoefu hufanya hivyo, kwa sababu kwenye kopo la rangi moja jicho halikioni kitofali kidogo kilichojificha chini ya vikubwa.

Jioni moja jirani yangu, mama wa makamo anayeuza vitenge kati ya Kampala na Bunagana, alinikuta nikipanga. Aliniuliza, kwa heshima, kama mwalimu hana daftari za kusahihisha. Nilimpa vitofali sita vyenye vinundu vinane nikamwomba aviunganishe apendavyo. Alikaa muda wa chai mbili, na kila alipomaliza alibomoa akaanza upya. Mwanahisabati Søren Eilers wa Copenhagen amekokotoa kwamba vitofali sita vya aina hiyo, vyenye rangi moja, vinaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Mama yule alipitia kama kumi na mbili hivi, kisha akauliza bei ya kopo zima.

Kuhusu bei, wafanyabiashara wajue mambo mawili. La kwanza, hataza ya tofali ilikwisha muda wake zamani, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba umbo la tofali lile haliwezi kusajiliwa kama alama ya biashara. Kwa hiyo viwanda vingine hutengeneza vitofali vinavyooana na vile vya Billund, nayo si hatia. Hatia ni kubandika jina la mwingine kwenye boksi.

La pili, jaribio ni rahisi. Kitofali halisi kina jina LEGO juu ya kila kinundu. Kibane juu ya kingine, kisha kivute. Kitofali kizuri hushika kwa sauti ndogo, na mtoto hukiachanisha bila kutumia meno. Kibaya ama kinalegea ama kinakwama. Kalibu za Billund hazivumilii kosa la hata sehemu moja ya mia ya milimita, na hicho ndicho mnunuzi anacholipia.

Kwa nini habari hii inatuhusu

Mtaa wa Kisugu, kutoka kilima cha Muyenga hadi Namuwongo kwenye njia ya reli, una watu wengi waliofika na mfuko mmoja. Wako waliorudi kutoka Kenya, Sudan na Kongo, na wako waliokuja kutoka huko kutafuta hifadhi. Desemba 2019 mfuko wa hisani wa LEGO ulitangaza dola milioni 100 kwa shirika la International Rescue Committee, ili watoto wakimbizi na wenyeji wao katika Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo, wajifunze kwa kucheza. Ni jambo jema. Lakini mkazo uliwekwa kwa watoto, na mimi nasema wazazi wao pia wanauhitaji mchezo huo.

Aliyepoteza nyumba hujifunza kutoamini kwamba vitu vitasimama. Huishi na mizigo imefungwa. Kujenga kwa vitofali kunamrudishia mtu jambo dogo ambalo uhamisho ulimnyang'anya, yaani kuvunja kwa hiari yake mwenyewe na kujenga tena bila hasara. Mnara ukianguka hakuna kilichopotea, kwani vipande vyote viko mezani.

Isitoshe, elimu hiyo si ngeni kwetu. Hapa Uganda matofali ya udongo ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine na kukaushwa bila kuchomwa kwa kuni, yamejengewa nyumba na madarasa. Dk. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni aina yenye mkunjo kwa ajili ya matangi ya maji. Tofali moja hushika jingine, na saruji hupungua. Fundi aliyewahi kupanga vitofali mezani hataelezwa mara mbili.

Kwa hiyo anayekusanya vitofali asione haya. Akusanye kwa kadiri ya mfuko wake, asikopee, wala asinunue kwa ajili ya kujionyesha. Ajenge nyumba anayoikumbuka au ile anayoitamani, na awaite watoto wamsaidie kutafuta vipande. Akimaliza aibomoe, kesho ajenge nyingine.

Ole Kirk hakuacha shamba wala ng'ombe. Aliacha kipimo. Umbali kati ya kinundu na kinundu ni milimita nane, na haujabadilika. Ndiyo maana kitofali kilichotoka kwenye kalibu mwaka 1958, mwaka aliozikwa yeye, kinabanana hadi leo na kilichotoka kiwandani juma lililopita.